Kiti Kilichokuja Kabla ya Sherehe

Usiniulize tarehe. Ulikuwa mwaka ule tulipokula bukari, yaani ugali, ya mihogo miezi na miezi, kwa sababu mahindi yalikataa kuvuka mpaka wa Zambia. Unga mweupe ulipotea sokoni, na Lubumbashi nzima, hata wenye magari ya vioo vyeusi, ikakaa chini kula bukari ile ya kijivu inayovutika kama ulimbo. Unamega tonge, sahani inataka kukufuata. Wafanyabiashara waliotoka Kivu walitucheka, maana wao wamekula mihogo tangu wazaliwe. "Munaitukanaka bukari yetu," walituambia, "leo munaipangia mustari." Mboga ilikuwa majani ya lenga-lenga na vile visamaki vya ndagala. Vinkubala, wale viwavi wetu watamu wa porini, walipimwa kwa kijiko badala ya kikombe.

Mwaka ule ndipo mjukuu wangu alipoacha kutembea.

Hakuacha siku moja. Alianza kutembea kwa vidole, kama mtu anayekwepa matope. Halafu akikaa chini, kuinuka kukawa kazi: anaweka mikono magotini, anaweka mapajani, anajipanda mwenyewe kama mtu anayepanda mti. Nilimgombeza. Nilidhani ni uvivu wa shule. Halafu akaanguka bombani na ndoo ndogo, akaanguka tena kesho yake, na mara ya tatu hakuinuka. Nilimkuta amekaa ndani ya dimbwi, ametulia, hata halii.

"Nkambo," akaniambia, "miguu imechoka. Miye sijachoka."

Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama yake, binti yangu, alikuwa upande wa Kipushi anavuka mpaka kutafuta unga wa kuuza, anarudi mara moja kwa mwezi na wakati mwingine mikono mitupu. Kwa hiyo mtoto alikuwa wangu, na maneno ya watu yakawa yangu pia. Walisema nimemla. Mwanamke mzee, mume amekufa, meno yote yako kinywani: kwa nini asile mtu? Nilisubiri siku ambayo bomba lina mstari mrefu, nikawajibu wote pamoja. "Mwaka hii ya njala," niliwaambia, "kama ningejua kula bantu, ningeanzia kwa banene." Nikawatazama mmoja mmoja, na walio wanene wakajijua. Tangu hapo walisema kwa sauti ndogo.

Daktari alinieleza kwa kamba. Alitoa kamba ya kiatu chake, ya zamani, akaivuta mbele yangu. "Mama, angalia. Nyuzi zinakatika moja moja. Misuli ya mtoto iko hivyo. Alizaliwa nayo, imo katika damu ya upande wa baba na upande wa mama. Hakuna mtu aliyemroga." Nikamwomba aliseme lile la mwisho tena, kwa sauti, mlango ukiwa wazi, maana nje walikuwa wamekaa watu wa kwetu. Akacheka, akalisema. Halafu hakucheka tena. Alisema dawa ya kurudisha miguu hakuna. Kazi yetu ni kumnyoosha kila asubuhi, kulinda pumzi, na kulinda mgongo. Mgongo wake ulikuwa umeanza kupinda. Ukimwacha mtoto wa namna hii akae ovyo, mgongo unapinda, kifua kinabanwa, pumzi inakosa nafasi. "Anahitaji kiti kinachomshika," alisema. "Si kiti cha kawaida cha magurudumu. Kiti cha kipimo chake. Na mapema."

Neno hilo, mapema, nilitembea nalo mpaka nyumbani kama kokoto ndani ya kiatu.

Kiti hatukuwa nacho. Tulikuwa na mgongo wangu. Nilimfunga kwa kitenge, msichana wa miaka kumi na mmoja, miguu inaning'inia mpaka magotini mwangu, nikampeleka shule asubuhi na kumrudisha saa sita. Kidevu chake kilikaa begani, na njiani alinisomea kila kibao: duka la saruji, saluni, kanisa, duka la simu, kanisa, kanisa. Mimi shule niliiacha darasa la tatu. Lakini kwa mwaka ule mmoja, na mtoto mgongoni, vibao vyote vya Kampemba, mtaa wetu, nilivijua kwa herufi zake. Kama leo naweza kuandika haya, ni yeye aliyenifundisha, na mkono wake ulikuwa shingoni mwangu.

Hapo ndipo tulipokutana na chama. Ni chama cha wazazi wenye watoto wa ugonjwa huo wa misuli. Kilikutana Jumamosi katika darasa moja la shule, watu wazima tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Katibu wake alikuwa mwalimu wa mjukuu wangu, mwanamke wa ukoo wa Kasai, aliyezaliwa hapa hapa mjini. Tulimwita Madame kama watoto wanavyomwita, na Kifaransa kilimtoka hata akikohoa. Mkubwa wa chama tulimwita Prezida. Yeye ni mtu wa Kivu, ana depo ya maharagwe na sabuni, ana malori mawili, ana sauti ya kuita abiria. Nilimwona mara ya kwanza nikamdhania mtu wa kujitafutia jina. Baadaye Madame alinieleza. Prezida alikuwa na mtoto wa kiume mwenye ugonjwa huu. Kiti hakikupatikana, na mtoto alilala mwaka mzima juu ya magunia ya maharagwe ndani ya depo, ili awe karibu na baba yake. Alikufa hapo, mchana, watu wakiwa wanapima bidhaa. Tangu siku ile, Prezida akipayuka, mimi nasikia kitu kingine chini ya sauti.

Chama kiliamua kufanya siku ya kuchangia kiti cha mjukuu wangu. Mahali: lupango langu, uwanja wa nyumba, kwa sababu ni pana na ukuta wake haujaanguka. Siku: Jumamosi. Mimi nilipewa kazi ninayoiweza: kukaanga mikate ya mafuta na kupika munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi. Mahindi yenyewe Prezida aliyatafuta anakojua. Mapambo walijitwalia Prezida na Madame.

Sasa sikilizeni kosa letu. Prezida alikodi lile turubai kubwa tunaloliita bashi, akalitandika mbele ya nyumba. Alikodi viti vya plastiki, akavipanga kwa mistari. Aliagiza matawi ya mchikichi, yakafungwa langoni, ili watu waone mahali. Madame alileta meza ndogo, akaitandika kitambaa cheupe, akaweka juu yake picha kubwa ya mjukuu wangu, ile ya komunyo ya kwanza, gauni jeupe, ndani ya fremu, na maua ya plastiki pembeni. Mbele ya picha akaweka sahani ya mchango. Halafu kwaya ikafika mapema, ikaanza kujaribu sauti, polepole, wimbo wa mbinguni.

Mtu yeyote wa Lubumbashi anayepita barabarani na kuona bashi, matawi ya mchikichi, picha, sahani na kwaya, hahitaji kuuliza. Hicho ni kilio. Hapa kuna msiba. Lakini sisi wenye kufanya, kila mmoja alikuwa ameangalia kipande chake, na mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na mafuta ya moto.

Wa kwanza kuingia alikuwa jirani yangu muuza makala, makaa ya kupikia. Huyu ndiye aliyenisema sana bombani. Niliisikia sauti yake kabla sijamwona.

"Yooo! Mama yangu! Mutoto ya bantu! Na jana tu alinisalimiaka!"

Amejifunga kitenge kiunoni, mikono kichwani, nyuma yake wanawake wanne wa soko, na mmoja tayari amejitupa chini. Nikatoka na mwiko mkononi. Nilidhani ni binti yangu, kwamba wamepata habari ya mpakani kabla yangu.

"Ni nani?" niliuliza. "Semeni! Ni nani amekufa?"

Muuza makala akanikumbatia, machozi yake yakashuka shingoni mwangu. "Mama, jikaze. Mungu alimupenda zaidi."

Kutoka ndani, pale nilipomwacha kitandani amevaa nusu, mjukuu wangu akapaza sauti: "Nkambo! Bamama banalia nini? Ni nani amekufa?"

Kwaya ikakatika katikati ya wimbo. Muuza makala aliniachia polepole, akatazama mlango, akatazama picha.

"Ni weye," nikamjibu mtoto.

"Miye?" akasema. "Basi munivalishe kiatu, nitoke nijione."

Nilimfunga mgongoni nikatoka naye. Mwanamke aliyekuwa amejitupa chini alinyanyuka haraka kuliko alivyoanguka, akaruka viti viwili. Muuza makala alikaa chini mwenyewe, amefunika uso, sikujua analia au anacheka, mpaka nikaona mabega. Alikuwa anacheka. Halafu akalia tena, sasa kwa kweli. Alimshika mtoto miguu yote miwili, ile ile aliyosema nimeila, akaisugua kama mtu anayesugua mtoto aliyetoka kwenye baridi. Hakuniomba msamaha, na mimi sikumdai.

Lakini kulikuwa na shida moja. Walikuwa wamekuja na vitu vyao: gunia la makala, unga wa mihogo, mafuta, sukari. Na kwetu, ulichokibeba kwenda kwenye kilio hakirudi nyumbani kwako. Ukikirudisha, umefuatwa na kifo. Wanawake walisimama na vitu vyao hawajui pa kuviweka.

"Ni vyenu, mubebe," Madame aliwaambia. "Ce n'est pas un deuil. Haiko kilio."

"Madame, beba weye," akajibu mmoja. "Miye niko na batoto ku nyumba."

Vikabaki. Na kwa sababu wamemlilia mtu aliye hai, wakubwa wao walisema ni lazima kila mmoja ale naye sahani moja, ili yale machozi yapate pa kwenda. Basi walipanga mstari, na mjukuu wangu amekaa kwenye kiti cha plastiki, nimemwegemeza mito pande zote, anakula kipande cha mkate na kila mama, anamtania kila mmoja. "Weye ulilia muzuri. Weye, ulilia kidogo, utalipa mara mbili." Habari ikakimbia mtaani kwamba Kampemba kuna mtoto amefufuka, na watu waliokuja kutazama hawakuingia mikono mitupu. Kabla jua halijaegemea, munkoyo uliisha, mikate iliisha, na Prezida aliuza makala na unga langoni kwa sauti yake ile. Alikuwa amefurahi kama bwana harusi.

"Mama," aliniambia, "miaka tatu ninaomba bantu, habanipe. Kumbe ilikosa bashi tu."

Kwa pesa ile, na ile waliyoongeza wenye maduka na migodi, kiti kilikuja kwa ndege. Kilikuja kabla ya siku iliyosemwa ya kukikabidhi, na Prezida hakungoja. Alikwenda mwenyewe Luano na lori lake, akabishana na watu wa bidhaa pale uwanjani, akakirudisha katikati ya maboksi ya sabuni, moja kwa moja mpaka langoni kwangu. Alikishusha kwa mikono yake. Alipasua plastiki, akakunja hiki, akakaza kile, akapiga magoti chini, mtu mwenye malori mawili, anatafuta skrubu iliyoanguka kwenye mchanga. Madame alipompigia simu kwamba ingefaa kungoja sherehe, nilimsikia akijibu: "Mugongo ya mutoto haijue sherehe." Nilimpenda sana kwa neno lile.

Tulimkalisha. Kiti kilimshika kiunoni, kikamshika mbavuni, kikamshika kichwa. Mbele kulikuwa na meza ndogo ya daftari. Alikaa ameinuka kama jaji. Magurudumu yalikuwa mepesi, na kwenye saruji ya uani mikono yake, ambayo bado ilikuwa na nguvu kidogo, iliweza kuyasukuma. Unajua alifanya nini kwanza? Alinigeuzia mgongo. Polepole, kidogo kidogo, mpaka akawa anatazama ukuta. Akakaa hapo.

"Unaangalia nini?" nilimuuliza.

"Hakuna," akasema. "Ninakupa mugongo tu."

Mwaka mzima alikuwa ametazama nilikotazama mimi. Nikienda sokoni, anatazama soko. Nikisimama kugombana na mtu, anamtazama mtu huyo usoni, apende asipende. Niliingia ndani nikajifanya natafuta chumvi. Usiku ule mgongo wangu ulikuwa mwepesi, nikakosa namna ya kulala.

Wiki tatu alikwenda nacho shule. Pumzi yake ilibadilika, hata kikohozi cha asubuhi kilipungua. Alinipa sheria moja, akiwa na kiwiko kwenye mkono wa kiti kama mkubwa wa ofisi: "Nkambo, mugongo imeisha. Kama kiti haiingie, miye siingie." Nikakubali. Kulikuwa na dirisha moja la benki na ghorofa moja ya kanisa ambazo tuliziacha kwa sababu ya sheria hiyo.

Halafu Jumapili moja, baada ya misa, Prezida na Madame walikuja kunywa munkoyo kwangu. Waliusifu sana. Nikajua kuna jambo.

Madame ndiye aliyeanza. Chama kilikuwa kimeandaa sherehe kubwa katika ukumbi wa parokia. Wenye maduka ya jumla watakuja, na wakubwa wa migodi watatuma watu. Watataka kuona kiti kinatolewa.

"Kimetolewa," nikasema. "Angalieni, kiko na matope ku magurudumu."

"Maman, c'est juste pour la photo, ni ya picha tu," alisema Madame. Tutakiosha kiti, alieleza, tutakifunga tena plastiki, tutaweka utepe. Wewe utaingia na mtoto mgongoni, kama zamani. Utapanda naye jukwaani. Mgeni mkubwa atakata utepe, mtoto atakalishwa, watu watapiga makofi. Robo saa.

Nilimtazama Prezida. Aliangalia ndani ya kikombe chake.

"Mama," akasema, "bantu ba biashara ninabajua, maana ni miye. Mutu akitoa kitu, anataka aone mukono yenye inapokea. Asipoona, mara ya pili hatatoa. Na kuko mutoto ingine, ule wa Kipushi."

Nilimjua mtoto huyo. Binti mdogo wa mchimbaji, miaka saba, analazwa kwenye godoro mlangoni ili aone barabara. Mgongo wake ulikuwa mbaya kuliko wa mjukuu wangu. Prezida akaongeza, polepole, kama mtu anayeweka gunia zito chini, kwamba kiti kwa karatasi ni mali ya chama, na wenzake katika komiti wanasema familia isiyosaidia chama haiwezi kukaa na kitu cha chama. "Haiko miye nasema," alisema. "Beko banasema."

Nikasema ndiyo. Naliandika hivyo hivyo, maana mtu asije akadhani nilikuwa shujaa. Niliogopa kupoteza kiti, na nilimwona yule wa Kipushi kwenye godoro lake, nikasema ndiyo, nikawaongezea munkoyo.

Mjukuu wangu alikuwa mlangoni. Alisikia yote. Niliweka bukari, hakula. Niliweka sukari kwenye uji, hakunywa. Siku ya pili ndipo aliponiuliza.

"Nkambo, ulibajibu nini?"

"Ulisikia."

"Nataka useme weye."

"Nilisema ndiyo."

Akafikiri. "Sawa," akasema. "Mugongo ni yako, unaweza kuiazimisha. Lakini miguu yenye itaning'inia mbele ya bantu ni yangu."

Nilimwambia habari za mtoto wa Kipushi. Akaniambia: "Miye pia namuonea huruma. Kwa hiyo kesho yeye naye bamushushe mu kiti yake, bapate ya mwingine? Na huyo mwingine?" Ana kichwa cha hesabu, huyu mtoto. Nilimwambia anyamaze. Akanigeuzia mgongo, na safari hii haikuwa mchezo.

Nitawaambia mapema, msije mkaila roho bure: mtoto wa Kipushi alipata kiti chake mvua zilipoanza. Lakini siku ya sherehe mimi sikujua hilo, na wala sikulala vizuri.

Siku ilipofika, tulikwenda mchana. Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Mbele walikaa wageni, suti na vitenge vya gharama, chupa za maji mbele yao. Sisi tulipelekwa nyuma, penye mlango wanakoingizia kreti za vinywaji, maana mlango ule hauna ngazi. Madame alikuwa anatungoja na plastiki mpya imekunjwa chini ya kwapa, utepe mwekundu, na kitambaa cha kufuta magurudumu. Alikuwa amevaa vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Alimbusu mtoto mashavu yote mawili.

"Ça va aller, ma puce. Itaenda muzuri. Robo saa tu."

Ndani, sauti ya Prezida ilikuwa imeanza kwenye mikro, inaeleza watu jinsi mtoto anavyobebwa na nkambo wake tangu asubuhi, jinsi watakavyomwona sasa hivi kwa macho yao akiingia mgongoni. Watu wakasema "Yooo" kwa huruma.

Nilifungua kitenge cha kubebea. Niliinama mbele ya kiti, kama nilivyoinama asubuhi zote za mwaka ule, nikarudisha mikono nyuma kumpokea. Nikangoja uzito. Haukuja. Nikageuza kichwa. Hakuwa amekataa. Alikuwa ameinyoosha mikono yake, tayari, lakini uso ameutazamisha kando, kwenye kreti tupu, kama mtu mzima anayeogeshwa na mgeni. Nimewaogesha wagonjwa na nimewaogesha wafu. Uso ule naujua. Mtu anauweka akiwa ameshaondoka.

Nikasimama. Kitenge nikakifunga kiunoni mwangu mwenyewe, nikakikaza.

"Maman?" akasema Madame.

"Fungua mulango," nikamwambia.

"Maman, plastiki…"

"Fungua, Madame. Ao nitaufungua na magurudumu."

Akafungua. Tukaingia kwa njia ya katikati, mjukuu wangu ndani ya kiti chake chenye matope ya Kampemba, mimi nyuma nimeshika vishikio. Watu waligeuka mmoja mmoja, mistari kwa mistari. Walikuwa wametayarisha huruma yao, na sasa hawakujua waiweke wapi. Mtoto mmoja alisema kwa nguvu, "Mama, angalia motokaa yake!" na mama yake akampiga kofi dogo.

Tulifika mbele. Prezida alishuka jukwaani na mikro mkononi, akaiteremsha ili isisikike, akaniinamia.

"Mama, tulipatana. Ku mugongo. Bageni beko banaangalia. Umushushe kidogo, hata hapa, nitasema kitu, nitatengeneza."

Sikuwa nimepanga maneno. Yalikuja yenyewe, na nilitaka yasikike, kwa hiyo niliinamia mikro yake nikasema: "Hapana. Mutoto hatashuka mu kiti. Mwenye anataka kumuona, amuone vile iko."

Lakini kwenye neno la kwanza tu umeme ulikatika. Feni zikasimama, mikro ikafa, na ukumbi mzima ukasema "Aah!" kama tunavyosema kila siku. Watu wa mistari ya mbele walikuwa wamenisikia, niliona kwa macho yao. Mwanamke mmoja mwenye kilemba kikubwa alikuwa ameweka mkono kinywani. Lakini nyuma hawakupata kitu, na mwanaume mmoja akapiga kelele: "Nkambo anasema nini? Huku hatusikie!"

Prezida alikuwa bado ameniinamia. Mjukuu wangu akamvuta koti.

"Papa," akamwambia kwa adabu kabisa, "nimefunga fren."

Prezida alimtazama. Alitazama mkono wa mtoto mwembamba juu ya ile fren, breki ya kiti, halafu akatazama mgongo wake ulivyonyooka ndani ya kiti, kiti alichokipigia magoti kwenye mchanga kutafuta skrubu. Sikuwa na haja ya kuuliza anamwona nani.

Nje grupu, ile jenereta, ikakohoa, ikashika. Taa zikarudi, mikro ikapiga mluzi. Nilidhani ataongea yeye. Kuongea ndiyo kazi yake. Badala yake alizunguka nyuma ya kiti. Mtoto akaifungua fren mwenyewe, na Prezida akakigeuza kiti taratibu mpaka uso wa mtoto ukawaelekea watu wote. Halafu akaniwekea mikro mkononi. Sikuwahi kuishika maishani mwangu. Niliishika kama mwiko.

"Rudilia, Mama," akasema. "Ba nyuma habakusikia."

Nikarudilia.

"Hapana. Mutoto hatashuka mu kiti. Mwenye anataka kumuona, amuone vile iko."